Fundi wa maji anayeamini kangaga kuliko watu

Jua halijavuka mgongo wa mlima, na Adolphine Mlondani amekwishageuka nyuma mara tatu kuangalia kama kuna mtu anayemfuata.

Amevaa mabuti ya mpira yasiyolingana, la kushoto kijani, la kulia jeusi. Mkononi ana jembe dogo lililokatwa mpini. Njia aliyoichagua leo si ya juzi. Juzi alipita upande wa mihogo. Leo anazunguka kwenye matete, na anapofika ukingoni mwa kinamasi anasimama, anasikiliza kwa muda mrefu, kisha anaingia.

Maji yanampanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Anainama, anasukuma kando nyasi ndefu, na hapo chini, kwenye udongo mweusi unaonuka kama chuma, ndipo yalipo: majani membamba ya kijani kibichi, marefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, yamesimama moja moja kama watu waliogombana. Analipindua moja. Upande wa chini kingo zake zimejikunja kidogo, na ndani ya mkunjo kuna vumbi la kahawia.

"Hii iko muzima," anasema, na kulihamia la pili.

Ni kangaga, aina ndogo isiyoota pengine ila penye maji yasiyokauka. Hana ua, hana tunda, hauzwi sokoni Baraka wala Fizi. Wenyeji wanamwita jani la maji, na wengi humkanyaga bila kumwona. Kwa Adolphine, au Mama Arlette kama anavyoitwa kwa jina la binti yake wa kwanza, jani hilo ndilo linalosema kama nyumba mia moja na arobaini zilizo bondeni zitakuwa na maji mwezi ujao.

Kabla hajakubali kuongea na gazeti hili alitoa sharti: jina la kijiji lisiandikwe. Iandikwe tu kwamba kiko kati ya Lubondja na milima, basi. Alipoulizwa sababu, alisimulia kwamba miaka miwili iliyopita walipita wageni wawili wa kizungu wenye madaftari, wakauliza habari za mimea ya kinamasi, wakapiga picha, wakaaga kwa heshima. Wiki haikuisha, watu walikuwa wamechimba mashimo kumi na moja pembeni mwa kinamasi. Walikuwa wamepiga hesabu kwamba mzungu hainamii jani bure. Chini yake lazima kuna dhahabu.

"Hawakupata kitu," anasema. "Lakini mimi nilifukia ile mashimo yote kumi na moja, mwenyewe."

Ana miaka arobaini na miwili. Alizaliwa upande wa Nundu, karibu na ziwa, na mwanzoni mwa mwaka 1999, akiwa na miaka kumi na mitano, alivuka kwenda Tanzania pamoja na mama yake na wadogo zake wawili. Habari za wiki zilizotangulia safari hiyo haziongelei. Anasema tu kwamba tangu wakati ule, mtu akimsalimia njiani, yeye huangalia kwanza mikono yake kabla ya uso.

Miaka kumi na mitatu aliishi kambini Nyarugusu. Huko aliolewa na Élie, kijana wa kwao aliyekuwa akishona viatu, na huko alipata kazi ya kubeba mawe kwa kikosi kilichotengeneza chemchemi. Fundi mmoja wa Kasulu, aliyempenda kwa sababu hakuwa akipiga soga, alimfundisha jambo moja ambalo hajalisahau: udongo unaweza kukudanganya, unaweza kuwa na unyevu wa mvua ya jana ukadhani ni maji ya kudumu, lakini mmea wenye mizizi ya juujuu hauwezi kusema uongo. Ukikosa maji siku kumi, unaonyesha.

Waliporudi kwa meli mwaka 2012, wakashukia Baraka na magodoro mawili na mabati sita, alikuwa na ufundi ambao wanawake wengi wa kwao hawakuwa nao. Shirika moja lilipokuja kujenga tangi la zege chini ya kinamasi na kuteremsha tiyo, bomba refu la maji, hadi kijijini, yeye ndiye aliyebaki na ufunguo wa kufungulia mabomba mara tu magari ya shirika yalipoondoka.

Kazi hiyo huku inaitwa fontenye. Mama Arlette anasafisha tangi kila mwezi kwa brashi na jiki. Anabadilisha mipira ya robine, yaani ya koki za maji, ambayo anaikata mwenyewe kutoka kwenye matairi ya ndani ya pikipiki yaliyochoka. Anang'oa miche ya mikaratusi inayojiotea karibu na maji. Kila nyumba inatakiwa kutoa faranga mia tano kwa mwezi. Zinazotoa hazizidi nusu, na mwezi ukiwa mzuri yeye huondoka na elfu ishirini. Chakula cha nyumbani kinatoka shambani, si kwenye robine.

Ila kipimo chake kikubwa hakigharimu kitu. Kila Jumatatu anaweka bidoni la lita ishirini chini ya robine na kuhesabu. Chemchemi ikiwa na afya, bidoni linajaa kwa sekunde arobaini na nane. Kisha anapanda kwenye kinamasi kuuliza majani.

Mwezi wa saba mwaka jana, hesabu ilianza kukataa.

Jumatatu ya kwanza bidoni lilijaa kwa sekunde sabini. Ya pili, tisini na tano. Kiangazi hupunguza maji, hilo kila mtu analijua, lakini si kwa haraka namna hiyo. Mwisho wa mwezi bidoni lilichukua dakika mbili na robo, na foleni ya kina mama ikaanza kukunjana hadi mbele ya kanisa. Mwanamke mmoja alivunjwa jino kwa kugombania zamu. Mama mmoja kijana, Merveille, alianza kuteka mtoni kwa kukata tamaa, na mtoto wake akaharisha siku tano hadi macho yakaingia ndani.

Hapo maneno yakaanza.

Juu ya kinamasi, kwenye mteremko wa nyasi, ilikuwa inaishi familia moja ya wafugaji kutoka nyanda za juu. Mzee Kabera, mke wake Mukansanga na watoto wao walikuwa wamefika miaka mitatu kabla, wakikimbia mapigano, na ng'ombe wanane kati ya arobaini waliokuwa nao. Shefu wa kijiji aliwapa ruhusa ya kukaa. Walikuwa wakiuza maziwa, wakisali kwenye kanisa lao dogo la nyasi, na wakiteremka kijijini pale tu inapobidi. Kijiji kilinunua maziwa yao bila kuwakaribisha.

Ilisemwa kwanza kwamba ng'ombe wamekanyaga macho ya maji. Halafu ikasemwa kwamba wamekula majani yote ya kinamasi, ndiyo maana ardhi imekauka. Mtoto wa Merveille alipougua, neno sumu likatamkwa kwenye foleni, kwa sauti ya chini, na kufikia jioni lilikuwa limeingia kila jikoni. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto yule alikunywa maji ya mto.

Mama Arlette anakiri kwamba naye aliamini. Si sumu, anasema, lakini ng'ombe aliamini. Aliona kwato kwenye tope upande wa juu. Aliona pia kwamba majani ya maji yalikuwa yamepungua, yale ya upande wa magharibi yamekuwa ya kahawia kama majani ya chai. Moyo wake ulikwisha kuhukumu. Alichotaka ni kumkamata mshtakiwa akiwa kazini.

Kwa hiyo asubuhi mbili mfululizo alijificha kwenye matete kumvizia mzee.

Ng'ombe waliteremka saa moja. Waliingia kwenye ukingo wa juu wa kinamasi, wakanywa, wakala majani mapana na matete machanga. Walipofika kwenye majani ya maji walinusa, wakapuliza pua, wakapita. Ng'ombe mmoja mweupe alilichomoa moja kwa bahati mbaya pamoja na nyasi, akalitema. Siku ya pili mambo yalikuwa yale yale. Walikunywa, wakazunguka, wakaondoka kwa njia waliyojia. Hakuna aliyekwenda upande wa magharibi, ambako majani yalikuwa yakifa.

Alikuwa bado amechuchumaa, akijaribu kupata maana ya alichokiona, Mzee Kabera alipoongea bila kugeuza kichwa.

"Mama Arlette, toka kwenye ile matete, nyoka atakuuma. Na jana pia nilikuona. Kuja unywe maziwa."

Alitoka, magoti yakiwa meusi kwa tope. Mukansanga alikuwa ameleta kikombe. Mama Arlette alikishika, akakiangalia, akakirudisha kikiwa kimejaa, akisema kwamba tumbo lake halipendi maziwa ya asubuhi. Wote watatu walijua kwamba si kweli. Mukansanga alikunywa kile kikombe mwenyewe, polepole, hadi mwisho, mbele yake.

"Ile kikombe," anasema sasa, akichezea mpini wa jembe, "mpaka leo iko inanisumbua."

Aliteremka akiwa amechanganyikiwa. Kama si ng'ombe, ni nini? Siku iliyofuata, Alhamisi, alirudi kwenye upande wa magharibi, akatambaa kwa magoti badala ya kutembea, akawa anagusa kila jani lililokauka. Ndipo alipoona jambo ambalo mtu aliyesimama wima hawezi kuliona. Majani yaliyokufa yalikuwa yamejipanga. Yalifuata mstari mmoja, ulionyooka, wenye upana wa hatua mbili hivi, ukitoka katikati ya kinamasi na kwenda ukingoni. Kulia na kushoto kwa mstari ule, kadiri mtu alivyosogea mbali nao, majani yalirudia kijani.

Alichimba kwa mikono. Chini ya nyasi zilizolazwa vizuri kulikuwa na vijiti, chini ya vijiti kulikuwa na mfereji, kina chake kufika gotini, na ndani yake maji yalikuwa yakipita bila kelele.

Aliufuata. Mfereji ulitoka kwenye kinamasi, ukapita chini ya migomba, ukazunguka mwamba, na kumwagika kwenye shimo kubwa la udongo. Kando ya shimo kulikuwa na vibao vya kufyatulia matofali, na tanuri mbili zilizokwisha kupangwa zikingoja moto. Hakuhitaji kuuliza ni za nani. Alikuwa amepeleka ugali mahali pale mara nyingi.

Zilikuwa za Norbert, mdogo wake Élie. Shemeji yake.

Norbert si mtu mbaya, anasema, na anarudia mara mbili. Watu wengi wamerudi kutoka Tanzania na Burundi, wanajenga, na tofali moja linatafutwa kuliko samaki. Norbert alikuwa na wateja wengi kuliko maji. Mto uko mbali na udongo wake mzuri. Jiko la Mama Arlette mwenyewe, lile analopikia leo, lilijengwa kwa matofali aliyopewa na Norbert bila kulipa chochote.

Alimkuta pale pale, akikanyaga udongo. Norbert hakukataa. Alisema alikata mfereji mdogo tu mwezi wa sita, kwamba kinamasi ni cha babu zao, kwamba mvua za mwezi wa tisa zikianza ataufunga na hakuna atakayejua. Kuhusu Kabera alisema yeye hakumtaja, ni watu waliomtaja. Kisha aliweka koleo chini.

"Shemeki, ukisema, utakuwa umechagua Kabera, umeacha nyumba yako."

Alikwenda nyumbani. Hakumwambia hata Élie. Alhamisi ilipita, Ijumaa ikapita. Kila mtu aliyemsalimia alimwona kama anayejua. Aliwashuku majirani kwamba wameshiriki kuulaza ule mfereji kwa nyasi. Alimshuku mume wake kwamba amenyamaza makusudi. Alimshuku mwenyekiti wa komite ya maji, Placide, kwamba amepewa matofali. Anasema siku zile mbili alijifunza kitu kuhusu yeye mwenyewe. Miaka yote alidhani kwamba hawaamini watu kwa sababu ni mwangalifu. Kumbe pia ni njia nzuri ya kutofanya lolote: ukimshuku kila mtu, huna wa kumwambia.

Jumamosi mchana vijana kama ishirini walipanda mlimani. Hawakumpiga mtu. Walibomoa zizi, wakachoma nyasi zilizokusanywa kwa ajili ya kiangazi, wakampa Kabera mpaka asubuhi awe ameondoka. Moshi ulionekana kijijini. Mama Arlette aliuona akiwa robineni, bidoni lake likiwa nusu, na wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walishangilia kwa vigelegele.

Asubuhi ya Jumapili mteremko ulikuwa mtupu.

Baada ya misa kulikuwa na baraza, lililoitishwa wiki nzima kabla ili kuamua suala la ng'ombe. Placide, mwanamume mpole aliyewahi kuwa mwalimu, alisimama na kusema kwamba Mungu amesaidia, suala limejimaliza, wahusika wamekwenda, na sasa kila mtu avumilie siku chache maji yarudi. Watu walianza kunyanyuka. Ndipo Mama Arlette alipoomba neno.

Hakumtaja Norbert. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyeona majani yaliyokufa upande wa magharibi. Wachache walisema ndiyo. Akauliza kama waliona kwamba yamekufa kwa mstari.

"Ng'ombe anatembeaka na rula?" aliuliza.

Akasema yeye hataki kuaminiwa, maana hata yeye haamini mtu. Anataka watu watano wachukue majembe waende naye wakajionee, na wawili kati yao wawe ni wale vijana waliobomoa zizi.

Walikwenda zaidi ya sitini. Aliwatembeza kwa magoti. Wanaume wazima, na nguo zao za kanisani, walitambaa kwenye tope wakigusa kangaga mmoja baada ya mwingine, hadi mkono wa kijana mmoja, Lionel, ukazama kwenye nyasi zilizolazwa. Alivuta vijiti. Maji yakaonekana yakikimbia. Kutoka hapo hawakuhitaji kuongozwa. Maji yaliwapeleka wenyewe hadi kwenye tanuri.

Norbert alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali, akiwangoja. Alimwangalia shemeji yake peke yake, kana kwamba wale wengine hawakuwapo.

Mfereji ulifukiwa siku ile ile. Baraza lilimtoza Norbert mifuko minne ya sima ya kujengea na mbuzi mmoja, na akaamriwa kuhamisha shimo lake karibu na mto. Siku ya tisa bidoni lilijaa kwa dakika moja na sekunde ishirini. Mwezi wa kumi, mvua zilipokolea, lilirudi kwenye sekunde hamsini na mbili, na hapo limebaki.

Lakini kisa hakikuishia kwenye bidoni.

Jumatatu, siku moja baada ya baraza, Mama Arlette alipanda mlima kumtafuta Kabera. Ilimchukua saa tano. Alimkuta ng'ambo ya bonde la pili, chini ya turubai iliyofungwa kwenye miti, ng'ombe wakiwa saba. Mmoja alivunjika mguu usiku wa kuhama. Alimsimulia yote: mfereji, matofali, baraza, watu waliotambaa. Alidhani mzee atafurahi, au atakasirika, na kwa vyote viwili alikuwa amejiandaa. Kabera alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni siku gani aliyouona ule mfereji.

Angeweza kudanganya. Anasema alifikiria.

"Siku ya ine," alijibu. Alhamisi.

Mzee alihesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika kwenye jibu.

"Siku ya ine ulijua. Zizi langu lilivunjwa siku ya sita. Mama Arlette, zile siku mbili ulikuwa wapi?"

Mukansanga hakumletea kikombe mara hii, na Mama Arlette aliondoka bila kukaa.

Kijijini nako hakukuwa na asante ndefu. Watu walichota maji na kuanza kumshuku. Ilisemwa kwamba alilipwa na wafugaji, kwamba ameahidiwa ndama, kwamba mwanamke aliyemwaga siri ya ukoo wake atashindwaje kumwaga ya jirani. Mama mkwe wake alikataa chakula chake hadi Noeli. Élie, mtu wa maneno machache, alilala kwenye kiti cha sebuleni wiki saba. Siku moja alimwambia kwamba hakukasirika kwa sababu alisema. Alikasirika kwa sababu alikaa na jambo lile siku tatu kwenye nyumba moja naye, na akamwona yeye pia ni wa kushukiwa.

"Hapo alisema kweli," anakiri. "Hata sasa simuamini mutu vizuri. Lakini Élie, yeye ninamuamini. Nilichelewa tu kumwambia."

Norbert anafyatua matofali yake mtoni. Wakikutana njiani anamsalimia kwa kichwa. Mwezi wa kwanza mwaka huu mtoto wake mchanga alipobatizwa, Mama Arlette alialikwa kwa mdomo wa mtu mwingine, akaenda, akaketi mlangoni, akala, akaondoka. Anasema huo ni mwanzo, na kwamba mianzo mingine huchukua miaka.

Kinamasi nacho hakijapona. Majani ya maji hayana mbegu za kupandwa. Yanasafiri kwa mizizi inayotambaa chini ya tope, na mzizi uliokauka haufufuki. Upande wa magharibi bado kuna kovu. Mwezi wa pili alianza kuchimbua vipande vya mizizi upande wa mashariki, kila kimoja kirefu kama kidole, na kuvihamisha kimoja kimoja. Amehamisha mia mbili na kumi. Vilivyoshika havifiki themanini.

Na ana mpango mwingine, ambao komite ya maji imekwisha kuukubali kwa shingo upande. Anataka kujenga birika refu la zege chini ya tangi, mahali ambapo maji yanayofurika humwagika bure, ili ng'ombe wa mtu yeyote wanywe bila kuingia kwenye kinamasi. Mifuko minne ya sima ya Norbert haijatumika. Mawe ameanza kuyakusanya mwenyewe. Yako kando ya njia, yamefunikwa kwa majani ya migomba, kwa sababu anajua kuna watu wanaoyapigia hesabu.

Wa kuyatumia maji ya birika hilo hajakubali kurudi. Kabera ameshatumiwa ujumbe mara mbili na shefu. Mara zote mbili amejibu kwamba amesikia. Lakini mwezi uliopita, siku ya soko, Mukansanga aliteremka peke yake. Hakupita kijijini. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kinamasi, akamkuta Mama Arlette akiwa amepiga magoti kwenye tope, akasimama ukingoni, mikono ikiwa imefungwa kifuani.

Alisema amekuja kuona kwa macho yake. Habari za mdomo amezichoka.

Mama Arlette alimwonyesha kovu lote, bila kuficha sehemu mbaya. Alimwonyesha jinsi ya kulipindua jani na kutafuta vumbi la kahawia. Mukansanga aliinama, akapindua moja, akapindua la pili, kisha akauliza kama majani haya yatafika tena upande ule mwingine. Akajibiwa kwamba yakipata maji msimu mmoja bila kuguswa, yatasogea hatua moja, labda moja na nusu.

Mwanamke yule alivunja tawi, akalichonga ncha kwa kisu cha kukatia kamba, akalichoma kwenye tope pembeni kabisa mwa jani la mwisho lililo hai. Alisema atarudi mwisho wa mvua. Akikuta majani yamelipita lile tawi, ataongea na mume wake.

"Na kama hayakupita?" tulimuuliza Mama Arlette.

Anajifuta tope mkononi kwa nyasi kabla ya kujibu. Anasema jana asubuhi alikwenda kuangalia, hakugusa kitu. Hatua moja kutoka kwenye tawi, ng'ambo yake, kuna kichwa kidogo cha kijani kinachotoka kwenye tope, bado kimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Hajamwambia mtu.

"Minangoja kwanza ikunjuke," anasema. "Ikikunjuka, nitamutuma Élie apande kule, amwambie Mukansanga akuje mapema, asingoje mwisho wa mvua."